Kompyuta ya Shemeji na LUKU ya Mama Mkwe

Mwezi huu naomba mnivumilie kidogo, maana safu yetu inaingia mahali ambapo haijawahi kuingia: ndani ya kasha la kompyuta ya gemu. Najua kuna dada hapo ameshaanza kufunua ukurasa wa mbele akatafute mambo ya ngozi. Subiri kwanza, mpenzi. Ukiolewa kwenye ukoo wenye vijana, siku moja na wewe utaletewa karatasi yenye orodha ya vitu usivyovijua hata kwa sura, jumla yake imezidi kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na mwenzio amekukazia macho akisubiri useme sawa. Siku hiyo utaukumbuka ukurasa huu.

Kijana mwenyewe ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Anaishi na mama mkwe Chanzuru. Kwa wasiopajua, Chanzuru ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye barabara ya Dumila kwenda Kilosa, jirani na Ilonga ambako kuna chuo cha ualimu na kituo cha utafiti wa kilimo. Sio porini, msije mkadhani. Umeme upo, simu inashika. Ila joto lake ni la kweli, na vumbi la kiangazi halina adabu, linaingia mpaka kwenye kabati lililofungwa.

Shemeji ana miaka 22. Alimaliza kidato cha sita, na mama alipoanza kusumbuliwa na sukari, yeye ndiye aliyerudi nyumbani. Sisi wengine tuko Dar, Dodoma na Mwanza, tunatuma pesa kwa simu na kuuliza "mama anaendeleaje?" Yeye ndiye anayejua anaendeleaje. Anampeleka kliniki Kilosa, anahakikisha dawa zimemezwa, analima mpunga na mahindi, na akipigiwa simu anasema "tupo salama" hata kama hajalala siku mbili. Starehe yake ni moja tu: gemu. Jioni anapanda bodaboda mpaka Kilosa mjini kwenye banda la gemu, analipa kwa kila mechi, anarudi usiku. Na mama halali mpaka asikie mlio wa pikipiki ukikata kona.

Sasa mume wangu akaja na wazo: tumuundie kompyuta yake, acheze nyumbani.

Jamani, wazo zuri. Lakini sisi tuna boma letu Kibaha linasubiri bati, na pesa pekee iliyokuwa imekaa kimya ilikuwa ni pesa ya bati. Nilimuuliza swali moja tu: hii ni zawadi au ni malipo? Maana zawadi unatoa kulingana na mfuko, unaweza kununua hata kibao cha kuchezea ukakiweka kwenye simu, kijana akashukuru. Malipo ni habari nyingine. Kama tunamlipa mtu ambaye ameacha ujana wake ili sisi tufanye kazi mjini, basi tukae chini tuhesabu kama watu wanaodaiwa. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Vyote viwili."

Tukakubaliana ukomo: Sh 2,400,000 kwa kila kitu, kuanzia monita mpaka nyaya, na haiongezeki hata kwa Sh 50,000 bila sisi wawili kukaa mezani. Huu ulikuwa Agosti 2025. Tukakubaliana pia kwamba mawifi na mashemeji wengine waambiwe mapema, kabla hawajaona picha kwenye grupu la familia. (Wifi yangu wa Mwanza alisema, "Friji ya mama imechoka, nyie mnanunua gemu?" Nikaacha kaka yake amjibu. Mambo ya damu yajibiwe na damu.)

Kwanza mpigie mwenyewe

Wanaume wengi wakishika hela ya kompyuta wanakimbilia dukani. Mimi nilimwambia mume wangu ampigie mdogo wake amuulize anacheza nini hasa. Kompyuta ya gemu haina kipimo kimoja, inapimwa kwa gemu lenyewe na kwa kioo kitakachotumika. Jibu likaja: mpira, mpira, na GTA V. Mpira wenyewe ni eFootball, lile lililokuwa likiitwa PES mpaka 2021 na sasa halilipiwi kuanza kucheza, pamoja na EA Sports FC, lile lililokuwa FIFA mpaka lilipobadilishwa jina 2023. Hapo tayari tumeokoa fedha nyingi, maana hakuna hata moja linalohitaji mtambo wa kurushia roketi. Kwa monita ya kawaida ya inchi 24, kompyuta ya kati inatosha kabisa.

Akaongeza kitu kimoja kwa sauti ya aibu: "Kama inawezekana, shem, iwe na taa." Zile taa za rangi zinazozunguka kwenye feni na kibodi. Mume wangu akataka kukataa, eti ni utoto. Nikamwambia taa ziingie. Katika orodha nzima hicho ndicho kitu pekee alichokiomba kwa mdomo wake, na ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote.

Mtumba wa ofisini au ya kuunga?

Kariakoo utakutana na kompyuta nyingi za mezani zilizotoka ofisini Ulaya na Uarabuni, Dell OptiPlex na HP za aina hiyo. Ni mashine imara na bei yake inavutia. Muuzaji atakwambia, "Dada hii ni i7, inacheza kila kitu, weka kadi tu." Hapo usitoe pochi. Herufi na namba moja hazitoshi, angalia namba inayofuata. Core i7-3770 ni ya 2012. Core i3-12100 ni ya 2022, na kwenye gemu hiyo i3 inaiacha i7 ya zamani mbali, ingawa jina lake linaonekana dogo. Tena Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, na sisi tulikuwa tunajua kwamba Microsoft wanasitisha huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kununua mashine ya kizazi cha nne wakati huo ilikuwa ni kumpa kijana zawadi yenye tarehe ya kuharibika.

Tatizo jingine la hizi za ofisini ni umbo. Zile nyembamba zinapokea kadi fupi tu, na pawasaplai yake ni ya kipekee, huwezi kwenda dukani ukanunua nyingine ukaipachika. Ikifa Chanzuru, imekufa. Kama mfuko wako ni mdogo sana, chukua ile yenye kasha refu, ya kizazi cha nane au zaidi, uweke kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, na kijana atacheza vizuri tu. Sisi kwa ukomo wetu tuliamua kuunga vipande vipya, sababu kubwa ikiwa ni hiyo hiyo: kila kipande kiweze kubadilishwa na fundi yeyote wa Morogoro mjini.

Prosesa tulichukua Ryzen 5 5600, ya 2022, kori sita. Sio ya kisasa kuliko zote, lakini mazabodi zake ni za bei nafuu, na inatumia RAM za DDR4. Muangalie hapo: DDR4 na DDR5 haziingiliani, hata tundu lake ni tofauti, na mazabodi inapokea aina moja tu. RAM tulinunua mbili za GB 8, sio moja ya GB 16, kwa sababu zikiwa mbili zinapokezana kazi na gemu linakwenda kasi zaidi. Diski ni SSD ya TB 1.

Nafungua mabano kwa wanaopanga kununua sasa. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda vibaya dunia nzima, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili bandia. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza hata kuachana na Crucial, chapa yake iliyokuwa ikiuzia watu wa kawaida kama mimi na wewe. Kwa hiyo ukiona orodha ya mwaka 2025, usiamini bei ya RAM iliyoandikwa pale. Uliza upya. Kuna watu wanachomoa RAM za DDR4 kwenye mashine za ofisini na kuziuza, na hazina ubaya mradi uziwashe na kuzijaribu kabla hujaondoka dukani.

Kadi iliyotugombanisha

Sasa tumefika kwenye kadi ya grafiki, kipande kinachochora picha kwenye kioo na kinachokula pesa kuliko vyote. Hapa ndipo tulipolala bila kuongea usiku mmoja.

Mume wangu alikuwa amepata mtu anauza RTX 3070 iliyotumika. Ni kadi kubwa kweli. Bei yake ingetutoa kidogo nje ya ukomo, na yeye alikuwa tayari kutoa posho yake ya safari ili isiguse bati. "Dogo anastahili kitu kikubwa," akasema. Na mimi nilikuwa naona macho yake, nikajua hapa hatuongelei kadi tena. Anamlipa mdogo wake miaka.

Kadi iliyotumika ina maswali yake. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ulibadili mfumo, na kadi nyingi zilizokuwa zikichimba sarafu usiku na mchana zikarudi sokoni. Sio zote mbovu, lakini feni zake zimechoka na huwezi kujua historia. Kuna pia kadi za uongo kabisa: kadi ya zamani sana iliyobadilishwa jina ndani, ikiwaka inajitambulisha kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z inazifichua nyingi kati ya hizo, kwa hiyo nenda dukani nayo kwenye fleshi, uombe kadi iwashwe mbele yako. Muuzaji akikasirika, mwache na kadi yake.

Lakini hoja yangu haikuwa hiyo. Hoja yangu ilikuwa LUKU.

Nilimpigia mama mkwe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hamjambo huko?" Tukazungumza habari za mvua na mguu wake, halafu nikamuuliza umeme ananunua wa shilingi ngapi kwa mwezi. Akasema, "Nanunua wa elfu saba, unanifikisha." Nikachukua kalamu. Kwa bei tulizozikuta 2025, ambazo zilipangwa 2016, mtumiaji mdogo wa kundi la D1 analipa Sh 100 kwa yuniti, mwisho yuniti 75 kwa mwezi. Ongeza VAT asilimia 18, ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unapata Sh 122. Kwenye elfu saba ya mama toa Sh 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa humo humo, inabaki Sh 5,500. Gawanya, unapata yuniti 45. Taa, televisheni, friji ndogo iliyochoka ambayo wifi anaisema, na kuchaji simu. Basi.

Sasa tumlete mgeni. RTX 3070 peke yake ni kadi ya wati 220. Ukiweka prosesa, feni, monita na umeme unaopotea njiani, mashine nzima ikiwa kwenye gemu inakula karibu wati 380. Kijana akicheza saa nne kila siku, mwezi unaisha na yuniti kama 46. Jumlisha na 45 za mama: 91. Yuniti ya 76 na kuendelea ni Sh 350, na makato inafika Sh 427. Hiyo bado afadhali. Ukizoea kuvuka 75, TANESCO wanakutoa D1 wanakupeleka T1, ambako kila yuniti, tangu ya kwanza, ni Sh 292, yaani kama Sh 356 ukiweka makato. Yuniti 91 kwa bei hiyo ni zaidi ya Sh 32,000. Kutoka elfu tano na mia tano! Kwa mama ambaye akiishiwa LUKU haombi, anakaa gizani mpaka auze kuku.

Kadi niliyoitaka mimi ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024. Ni wati 70, haihitaji hata waya wa ziada, inakunywa umeme kutoka kwenye mazabodi yenyewe. (Uwe makini, kuna RTX 3050 nyingine ya GB 8 inayokula zaidi. Soma boksi.) Kwa kadi hii mashine nzima inacheza kwenye wati 200 hivi. Saa nne kwa siku, yuniti 24 kwa mwezi. Mama anafika 69, anabaki D1. Akicheza saa tano kila siku ni yuniti 30, jumla 75 kamili. Huo ndio ukuta.

Nikamwekea mume wangu karatasi karibu na kikombe cha chai asubuhi. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Kwa hiyo mama angekuwa analipia kadi yangu kila mwezi." Nikanyamaza. Kwenye ndoa kuna wakati wa kunyamaza, na ule ulikuwa mmoja wapo. Jioni akampigia yule muuzaji wa 3070 akamwambia ampe mtu mwingine.

Na niseme ukweli kuhusu hiyo 3050: sio kadi ya kujivunia kijiweni. Mwenye gemu nzito za vita za miaka hii, kwenye kioo kikubwa, itamwangusha. Lakini FC, eFootball na GTA V kwenye monita ya inchi 24 inavipeleka bila shida, na ndivyo alivyosema anacheza.

Kitu kisichoonekana

Pesa iliyobaki baada ya kuachana na ile kadi kubwa tuliipeleka kwenye vitu ambavyo hakuna mtu atakayevipiga picha. Cha kwanza, pawasaplai. Ndiyo inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kipande, na ikilipuka inaweza kuondoka na jirani zake. Madukani kuna makasha yanayouzwa na pawasaplai ndani kwa bei ya kutupa, imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Geuza usome kibandiko. Tafuta mstari wa volti 12, uzidishe kwa ampia zake. Kama ni ampia 20, hiyo ni wati 240, hizo nyingine ni maandishi tu. Sisi tulichukua ya wati 550 ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus Bronze. Alama yenyewe inazungumzia umeme unaopotea, sio usalama, kwa hiyo usiishie kwenye alama, angalia na dhamana. Na chukua risiti ya EFD. Dhamana bila risiti ni salamu.

Cha pili, UPS ya VA 650 yenye uwezo wa kusawazisha umeme. Kwa mzigo wa wati 200 hiyo inampa kijana dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu umeme ukikatika. Asidhani atamalizia mechi kwa betri, hapana. Kazi yake kubwa ni kuchuja ule umeme unaoshuka na kupanda, ambao watu wa vijijini wanaufahamu kuliko mimi.

Cha tatu, kasha lenye uso wa wavu na vichujio vya vumbi vinavyochomolewa na kuoshwa. Makasha ya kioo mbele yanapendeza dukani, ila kwa joto la Kilosa la Novemba ni oveni. Tuliweka feni mbili mbele zinazovuta hewa na moja nyuma inayotoa. Tukampa brashi laini ya rangi na maelekezo: kichujio kioshwe kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi, kikauke kabisa ndipo kirudi.

Kuna jambo la mwisho ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni gemu zenyewe. FC inataka nafasi ya karibu GB 100 kwenye diski. Kuishusha kwa bando la simu Chanzuru ni kumwambia kijana auze gunia la mpunga. Tuliunga mashine Dar, tukaishushia kila kitu kwenye faiba ya nyumbani, tukaijaribu siku tatu huku feni zikiunguruma sebuleni kama friza ya baa. Kilichobaki kwake ni masasisho ya hapa na pale.

Tulikwenda na treni ya SGR, ambayo tangu Julai 2024 inatoka Dar mpaka Dodoma na Kilosa ni moja ya vituo vyake. Kabla ya safari tulichomoa kadi ya grafiki tukaifunga peke yake kwenye taulo, maana uzito wake ukining'inia barabarani unaweza kuvunja tundu lake kwenye mazabodi. Kasha likasafiri limelala kwenye boksi lake na maboya yake yale yale. Kutoka kituoni tulikodi gari, na mume wangu alilipakata boksi njia nzima kama mtoto mchanga. Sijawahi kumuona akipakata hivyo hata mpwa wake.

Shemeji alipoiwasha na taa zikazunguka, hakusema kitu. Akatoka nje akakaa kama dakika kumi. Kaka yake akamfuata. Sijui waliongea nini na sikuuliza.

Mama mkwe naye akaikubali kwa njia yake: akaileta meza nzuri ya pembeni, akaweka kompyuta juu, halafu akaifunika yote kwa kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika redio, televisheni na kila kitu anachokiheshimu. Inawaka! Ikabidi nimueleze taratibu kwamba hii inapumua, ukiifunika inapata homa. Tukapatana: kitambaa kinakaa juu ya monita, tena ikiwa imezimwa. Kitambaa chenyewe ni cheupe na maua mekundu, na kwa kweli kinapendeza kuliko taa.

Siku hizi bodaboda ya usiku imekwisha, mama analala saa tatu. Aliyepata tatizo jipya ni mimi. Mume wangu alishusha eFootball kwenye laptop yake, na kila siku saa mbili usiku ananiaga sebuleni, "nakwenda Chanzuru mara moja." Nasikia anacheka peke yake, anatukanana na mdogo wake kwa upendo, halafu katikati ya mechi nasikia, "Mama leo sukari yake ngapi? Umempima saa ngapi?" Miaka mitatu walikuwa wanapigiana simu za kutuma hela tu.

Mwisho wa mwezi wa kwanza mama alinipigia yeye mwenyewe, jambo ambalo ni nadra. Akasema mwezi huu alinunua LUKU ya elfu kumi, na umeme ukaisha siku ile ile aliyozoea. Nikapiga hesabu kichwani: yuniti 69 na kodi ya jengo ni Sh 9,918. Nikafurahi kama nimefaulu mtihani. Yeye hakuwa na habari na hesabu zangu. "Mwanangu," akasema, "hiyo elfu tatu ya nyongeza nani anailipa?" Tangu hapo kila tarehe moja mume wangu anamnunulia LUKU ya elfu tatu kwa simu na kumtumia namba, na akichelewa hata siku moja, shemeji anagoma kuingia uwanjani.

Bati la Kibaha limesogea mbele miezi mitano. Wifi wa Mwanza bado hajapiga simu, na mwezi ujao tutaongea habari za mawifi.